Malisho Yasiyopumzika

Leo nataka tuzungumze juu ya nyasi. Si mada ya kuvuta watu kama siasa au mpira, lakini katika wilaya za Bunda, Butiama na Musoma ni mambo machache yanayogusa mifuko ya watu wengi kama hili. Ng'ombe ndiye analipa ada ya shule, ndiye analipa mahari, ndiye anakokota plau msimu wa pamba unapoanza. Na ng'ombe huyo haishi kwa maneno, anaishi kwa nyasi. Kila kiangazi kikikolea tunasikia kauli zilezile mbili. Ya kwanza hutoka ofisini: wafugaji wana ng'ombe wengi kupita kiasi, wapunguze. Ya pili hutoka zizini: mvua ni haba, mnatulaumu bure. Mimi naona kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zinaliacha jambo lenyewe pembeni. Malisho ya ukanda huu yanakufa kwa sababu hayapumziki. Idadi ya mifugo ina uzito wake, na nitaijia. Mvua nayo ina uzito wake. Ila kinachoamua kama nyasi itarudi au haitarudi ni wakati inapoliwa, na muda inaoachiwa kabla ya kuliwa tena.

Tuanze na fundo moja la nyasi. Nenda kwenye malisho ya kijiji chochote kilicho kati ya Bunda mjini na Butiama, mwezi wa Agosti au Septemba, uchuchumae chini. Utaliona fundo la nyasi limekaa juu ya kitu kama kichuguu kidogo, kimo cha vidole viwili au vitatu. Hicho hakikujengwa na mchwa. Pale juu ndipo uso wa ardhi ulipokuwa zamani: mizizi imeushika udongo wake, na udongo uliokuwa kati ya fundo na fundo umechukuliwa na maji. Weka vidole vyako kutoka chini mpaka kwenye shingo ya nyasi, nawe umepata kipimo cha udongo uliokwishakwenda ziwani. Fundo lenyewe limekatwa mpaka chini, katikati pameshakufa na kuwa pa kijivu, na uhai uliobaki ni majani mawili matatu pembezoni.

Nyasi haikui kama mti. Mti hukua kwa ncha zake. Nyasi imeficha chipukizi lake chini, karibu kabisa na udongo, na ndiyo maana ng'ombe anaweza kukata majani leo na kesho kutwa yakachomoza mengine. Lakini kuchomoza huko kunalipiwa. Nyasi inayodumu mwaka hadi mwaka ina akiba ya chakula kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina, na mvua za kwanza zinapodondoka huchota akiba hiyo ili itoe majani ya mwanzo. Majani yakipata wiki kadhaa za jua, hutengeneza chakula na kuirudisha akiba mahali pake. Yakiliwa siku ya tano, nyasi huchota tena. Yakiliwa tena, huchota tena, na safari hii mizizi nayo hufupishwa, maana hakuna cha kuilishia. Kiangazi kinapofika, mizizi mifupi haiufikii unyevu uliojificha chini. Hapo watu husema nyasi imekufa kwa ukame, kumbe iliuawa mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, kwa kung'atwa mara tano bila kupewa nafasi.

Ushahidi wa haya hauko mbali, uko hapo Serengeti. Miaka ya 1970 Samuel McNaughton, mtaalamu wa ikolojia wa Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani, alipima majani mabichi kabla na baada ya nyumbu kupita. Makundi yale yalimaliza zaidi ya robo tatu ya majani katika siku chache tu. Mtu angepita siku hiyo angesema eneo limeharibiwa. Lakini wiki chache baadaye palipoliwa palikuwa pamejaa majani mapya, laini, yanayokua. Pale ambapo hapakuguswa nyasi zilikuwa zinazeeka na kukauka. Swala tomi walilijua hilo kabla ya maprofesa, maana walihamia palepale nyumbu walipokula. Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja, hujawahesabu pundamilia. Tambarare za kusini mashariki wanakozalia hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka, ilhali huku magharibi kuelekea ziwani tunapata nyingi zaidi. Kwa hesabu ya ofisini, tambarare zile zingekuwa jangwa zamani na malisho yetu yangekuwa bustani. Kwa nini mambo yako kinyume?

Ni kwa sababu nyumbu huondoka. Huingia tambarareni na mvua, huzaa Februari, na kufikia Mei au Juni wanashika njia ya magharibi na kaskazini mpaka Maasai Mara. Hata wakiwa tambarareni hawagandi mahali pamoja, wanafuata manyunyu yaliponyesha. Hawana zizi la kurudi jioni. Najua atakayeinua mkono hapa: udongo wa tambarare zile umerutubishwa na majivu ya volkano, na nyasi zake ni fupi, zimezoea kuliwa kwa maelfu ya miaka, si haki kuulinganisha na kichanga cha Butiama. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kwamba ng'ombe wa Bunda wakichungwa kama nyumbu tutavuna nyasi za Serengeti. Ninachosema ni kwamba hata udongo wenye rutuba kiasi gani hauwezi kulipa deni la nyasi isiyoruhusiwa kuwa na majani. Na kuna ushahidi wa pili usiotegemea nyumbu. Huko Laikipia, Kenya, katika kituo cha utafiti cha Mpala, tangu mwaka 1995 watafiti wamezungushia vitalu uzio kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, vingine vikiruhusu ng'ombe peke yao, vingine ng'ombe pamoja na wanyamapori. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori waliongezeka uzito mdogo kuliko wale walioachiwa peke yao. Wakati wa mvua waliongezeka zaidi, kwa sababu pundamilia na wenzake waliondoa mabua makavu na kuacha majani mabichi. Kitalu ni kilekile, wanyama ni walewale, lakini msimu umebadilisha hasara kuwa faida. Mtu anayezungumzia malisho kwa kuhesabu vichwa tu, bila kuuliza ni mwezi gani, ana nusu ya hesabu.

Historia ya ukanda huu inatuonya pia tusidhani kwamba dawa ni kuwafukuza ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Huku magharibi mwa Serengeti iliandamana na njaa na maradhi, watu wakahama, na mahame yao yakamezwa na vichaka. Vichaka vikaleta mbung'o, mbung'o wakaleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya nchi ambayo mababu walichunga haikuchungika tena. Wageni waliokuja baadaye wakaona pori, wakaamini ndivyo lilivyoumbwa. Kisha angalia upande wa pili wa hadithi hiyohiyo. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walipochanjwa na sotoka ikadhibitiwa, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi ndefu zikaliwa, moto wa kiangazi ukakosa cha kuchoma, na miti michanga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Yaani mdomo wa mnyama ulibadilisha hata idadi ya miti.

Nimelitaja hilo la moto kwa sababu linaeleza jambo linalowatatiza wengi vijijini: kwa nini malisho yaliyoliwa sana hayabaki kuwa uwanja mtupu, bali hugeuka miiba. Mabadiliko huja kwa hatua. Kwanza hupungua zile nyasi nzuri zinazodumu, ambazo ng'ombe huzichagua kwanza. Nafasi yake huchukuliwa na nyasi za msimu mmoja, zinazoota haraka, kutoa mbegu na kufa. Kwa mbali mbuga inaonekana ya kijani mwezi wa Desemba, na kufikia Julai hakuna kitu. Halafu huingia mimea ambayo mifugo haitaki. Ndulele, yale matunda ya njano ambayo hata mbuzi huyakwepa, ukiyaona yametapakaa malishoni ujue hapo nyasi ilishashindwa. Kwa kuwa hakuna nyasi za kutosha kulisha moto, na mbegu za migunga zinapandwa bure na kinyesi cha mifugo, vichaka vya miiba hujaa. Siku hizi kuna na mgeni kutoka mabara ya Amerika, kichaka ambacho wenyeji wa upande wa Serengeti na Tarime wanakiita amachabongo. Hakiliki, kinadhuru mifugo, na mahali kinapopapenda ni ardhi iliyokwishavurugwa. Kati ya hatua hizi, ile ya kwanza inarekebishika kwa msimu mmoja au miwili ya mapumziko. Ile ya mwisho inataka panga, majembe na fedha, na mara nyingi haifanikiwi. Ndiyo maana kusubiri mpaka hali iwe mbaya machoni ni kosa la gharama kubwa.

Sasa, kwa nini malisho yetu hayapumziki? Si kwa uzembe wa wachungaji. Mfugaji wa Kizanaki, Kiikizu, Kikurya au Kisukuma alijua kuhamisha mifugo kabla hajazaliwa mtaalamu yeyote wa nyanda za malisho. Kilichobadilika ni nafasi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1994 Grumeti na Ikorongo yakawa mapori ya akiba, na mifugo ikakosa ruhusa ya kuingia sehemu ilizokuwa ikikimbilia kiangazi. Pamba, mahindi na mihogo vimejaza mabonde. Watu wa Mkoa wa Mara walikuwa milioni 1.74 katika sensa ya mwaka 2012, na milioni 2.37 katika ile ya 2022. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi, na kila kaya mpya inahitaji shamba. Malisho yamebaki vipande: kando ya barabara, juu ya vilima vya mawe, mbugani panapotuama maji. Ng'ombe anatoka zizini asubuhi, anapita njia ileile, anafika kwenye lambo lilelile, anarudi jioni. Ukichora mchoro wa kijiji utaona duara la ardhi tupu kuzunguka kila lambo na kila josho. Ng'ombe wale wangekuwa nusu yake, duara lingekuwepo vilevile, labda dogo kidogo, kwa sababu bado wangepita hapohapo kila siku ya Mungu.

Twende kwenye pingamizi, na ya kwanza ni ya mvua. Haina ujinga hata kidogo. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift walichapisha utafiti wao wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambao uliwatikisa wataalamu. Walisema kwamba mahali penye mvua chache na zisizotabirika, ukame huua mifugo kabla haijafika idadi ya kuharibu malisho. Kwa hiyo anayeamua hali ya nyasi ni mvua, na kuwalaumu wafugaji ni kuwaonea. Nakubaliana nao kuhusu Turkana. Lakini Bunda si Turkana. Mvua zetu zinayumba, hazijafika kuyumba namna ile. Na ng'ombe wetu hawafi kwa wingi ule, kwa kuwa kuna malambo, kuna chanjo, kuna mabua ya mashambani, kuna ndugu wa kuwapelekea mifugo. Ni heri kwa mfugaji. Kwa nyasi maana yake ni kwamba hata ule mwanya wa kupumua unaoletwa na ukame mkali haupo. Halafu Waturkana walikuwa wakihama mamia ya kilomita. Anayetumia utafiti ule kutetea ng'ombe wanaozunguka lambo moja mwaka mzima amechukua jina la hoja akaiacha hoja.

Tena ipo mizani rahisi ambayo abiria yeyote wa basi anaweza kuitazama. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, ukishapita Lamadi ukielekea Bunda, inapita ukingoni mwa Serengeti penye lango la Ndabaka. Upande wa mashariki ni hifadhi. Upande wa ziwani kwa miaka mingi kumekuwa na vijiji na mifugo. Mvua inayonyesha kulia ndiyo inayonyesha kushoto, na udongo mweusi ni uleule, lakini nyasi si zilezile. (Sisemi upande wa hifadhi wote ni malisho bora; nyasi ndefu iliyozeeka haina lishe kubwa, na ng'ombe aliyeachiwa humo mwezi wa Septemba angeshiba bila kunenepa.) Jambo lingine kuhusu mvua: kipimo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu maji yaliyoanguka, hakihesabu yaliyoingia ardhini. Ardhi iliyovuliwa nyasi hutengeneza utando mgumu juu, na mvua kubwa huteleza juu yake kwenda korongoni. Kwa hiyo vijiji viwili vinaweza kupata mvua sawa kwa kipimo, na kimoja kikawa na ukame mara mbili ya mwenzake. Mfugaji anaposema mvua imepungua, huenda anaeleza kwa usahihi kabisa kile ambacho nyasi zake zimepata, hata kama mawingu hayajapungua.

Pingamizi ya pili ni ile ya ofisini: punguzeni mifugo, mengine yatajipa. Tumelijaribu hilo. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianza mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ukiwa na amri za kupunguza ng'ombe. Watu waliuchukia, chuki ile ikawa mtaji wa TANU katika Kanda ya Ziwa, na kabla miaka ya 1950 haijaisha amri zenyewe zilikuwa zimekufa. Huko Kondoa serikali yetu wenyewe ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote, yapata 85,000, iliondolewa katika eneo lililomomonyoka sana la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Na nyasi zilirudi, tena upesi kuliko wengi walivyotarajia. Basi Kondoa inathibitisha kwamba ardhi ikiachwa inapona. Lakini mifugo ile haikuyeyuka. Ilihamia kwa majirani ikawabana wao, familia zikakosa maziwa na samadi, na miaka kumi hivi baadaye ng'ombe wakaruhusiwa kurudi, wachache, wa kulishwa bandani. Lililotolewa Kondoa lilikuwa pumziko la nguvu, la jumla, lisilo na mwisho. Nyasi hazikuhitaji yote hayo.

Hata hivyo sitaki kuikimbia hoja ya idadi, maana upande wangu nao una watu wanaotia chumvi. Wapo wanaohubiri, wakifuata mafundisho ya Allan Savory wa Zimbabwe, kwamba ukiwazungusha ng'ombe kutoka kitalu hadi kitalu unaweza hata kuwaongeza maradufu na ardhi ikapona. Mwaka 2008 David Briske na wenzake walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo na kukuta kwamba, idadi ya mifugo ikiwa sawa, kuzungusha vitalu hakukuzidi kuchunga mfululizo. Je, utafiti huo unaivunja hoja yangu? Unaipunguza, hauivunji. Majaribio mengi yale yalifanywa kwenye ranchi zenye uzio na mmiliki mmoja, ambako hata kitalu kinachochungwa mfululizo kina idadi iliyowekewa kikomo. Malisho yetu ya kijiji hayana uzio wala kikomo. Lakini somo lao nalipokea: mahali penye ng'ombe wengi mno, kufunga sehemu moja ni kuhamishia mzigo kwenye sehemu nyingine mpaka nayo ife. Kwa hiyo kijiji kinachopanga mapumziko bila kuzungumzia idadi kinajidanganya. Tofauti yangu na watu wa ofisini ni mahali pa kuanzia. Ukianza na idadi, mfugaji anasikia mlango wa zizi lake ukigongwa na askari. Ukianza na malisho yanayofungwa na kufunguliwa, idadi inajileta yenyewe mezani, kwa sababu eneo lililopo linaonekana, na kila mtu anaona ni nani analimaliza.

Wengine watasema: mali ya wote haina mwenyewe, gawa malisho kila mtu awe na hati yake. Ni hoja aliyoipa umaarufu Garrett Hardin mwaka 1968, na inapendwa sana na watu wasiofuga. Hardin aliuchora uwanja ambao yeyote anaingia bila kuulizwa. Malisho ya jadi ya kwetu hayakuwa hivyo, na jirani zetu wa Shinyanga wametuonyesha. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, mtu wa Mwitongo hapa Butiama, aliutembelea mkoa ule akashtushwa na ukame wa ardhi, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuleta kitu kigeni, mradi uliufufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua kiangazi kikishakolea. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika mamia ya maelfu ya hekta, nyingine za kaya, nyingine za kijiji kizima au za shule, zikilindwa na sungusungu na baraza la jadi, dagashida. Tuseme na lile lisilopendeza: ngitili nyingi za zamani zilikufa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu walipohamishwa wakaacha vipande vyao nyuma. Sera ya Mwalimu ilichangia kuuvunja utaratibu ambao baadaye ulikuja kuwa tiba ya kile kilichomshtusha. Kulisema hilo hakumpunguzii heshima. Kunatuonyesha tu kwamba nyasi hufuata utaratibu wa watu, na utaratibu ukivunjika, nyasi hazisubiri sheria mpya itungwe.

Lakini pingamizi ninayoiogopa kuliko zote haitoki kwa profesa, inatoka kwa mwenye ng'ombe sita: mkifunga, mimi niwapeleke wapi? Tena mnataka kufunga mvua za kwanza, wakati maksai wangu wamekonda na ndio nataka walime. Ana haki kabisa, na mpango wowote usiomjibu utavunjwa usiku. Jibu liko kwenye ileile hesabu ya ngitili. Kipande kilichofungwa mvua zilizopita kina nyasi zilizosimama. Hizo ndizo zinazovusha maksai kutoka Septemba mpaka kipande kingine kitakapokuwa tayari. Kwa hiyo mwaka mgumu ni wa kwanza. Mwaka huo unavushwa kwa kufunga sehemu ndogo tu, tuseme robo ya malisho, na kwa kuyakusanya mabua ya mahindi na mtama mwezi wa Julai badala ya kuyaacha yakanyagwe shambani. Unavushwa pia kwa kuuza mapema. Ng'ombe anayepelekwa mnadani Juni akiwa amenona anauzwa kwa bei. Yuleyule akisubiri Oktoba mbavu zinahesabika, na mnunuzi anajua umebanwa.

Na hapa kuna jambo ambalo mikutano mingi hulizungukazunguka. Mwenye ng'ombe sita na mwenye ng'ombe mia sita hawalili malisho sawasawa, na mara nyingi huyu wa mia sita hakai kijijini. Yuko mjini, ana kazi au duka lake, na mifugo yake inachungwa na kijana wa mshahara. Sheria ndogo inayotoza faini sawa kwa wote ni rahisi mno kwake na ni msumari kwa maskini. Faini, na hata ada ya kutumia kipande kikifunguliwa, zikokotolewe kwa kichwa cha ng'ombe. Uwezo wa kisheria upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano wake mkuu. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji nafasi ya kutenga malisho kwenye ramani. Na Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya 2010 inahusu hasa kuyalinda na kuyaendeleza. Sheria hizi zinaweza kuchora mpaka wa malisho. Haziwezi kuamua ni tarehe gani lango la kipande fulani lifunguliwe, kwa sababu tarehe hiyo inajulikana na watu wanaoziona nyasi kila asubuhi.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa taratibu zetu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Basi, msikilizaji uliyeko Bunda, Butiama au Musoma, nakuomba katika mkutano utakaofanyika kabla ya vuli usimame uulize: ramani ya malisho yetu iko wapi, na mvua ya kwanza ikinyesha tunafunga kipande gani? Umwombe mtendaji aliandike jibu kwenye muhtasari, pamoja na tarehe ya kukifungua.